Mama Gundi, Mshonaji wa Vitabu vya Mtaa

Tunayemzika leo alikuwa na jina zuri la ubatizo, nalo limeandikwa msalabani kwa atakayetaka kulisoma. Lakini mtaani, kiwandani na hata kanisani hakuna aliyelitumia. Aliitwa Mama Gundi, na aliagiza aagwe kwa jina hilo hilo. Aliagiza pia wasifu wake usipakwe rangi. Alisema amehudhuria mazishi mengi akasikia watu aliowafahamu vizuri wakisifiwa hadi akawa anamuuliza jirani yake kwa sauti ya chini ni nani hasa anayezikwa. Familia imejitahidi kumtii.

Mama Gundi alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho kabisa, ambacho vikombe vyake viligongana kabatini kila treni ya mizigo ilipopita. Baba yake alikuwa mshika bendera wa reli. Mama yake alifua nguo za watu. Alikuwa mtoto wa kwanza. Wawili waliomfuata walifariki wakiwa wachanga, na wa mwisho, wa kiume, alipozaliwa mama yao hakupata nafuu tena. Alifariki kabla mtoto huyo hajaota meno. Tangu siku hiyo mgongo wa dada ndio uliokuwa kitanda cha mdogo wake. Alimbeba akienda kuteka maji, akipika, akifagia, hata akiruka kamba na wasichana wenzake. Wazee wa pale relini walikuwa wakisema mtoto yule alijifunza kucheka kwa kurushwarushwa.

Shule aliianza kwa kuchelewa, na aliianza akiwa na mzigo mgongoni. Mwalimu wa darasa la kwanza, mama mkali ambaye watoto walimwogopa kama radi, alimruhusu amlaze mdogo wake ndani ya sanduku tupu la chaki, chini ya dawati. Siku moja mwalimu huyo alimkamata akisoma kitabu cha hadithi wakati wa somo la hesabu. Adhabu ikawa asimame mbele akisome kwa sauti, ili aone aibu. Akasoma. Kengele ya mapumziko ikalia na hakuna mtoto aliyetoka. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameketi, kidevu mkononi, akitaka kujua mwisho wa hadithi.

Alimaliza shule ya msingi akiwa miongoni mwa waliofaulu kuendelea. Baba yake alimwita nje, akamweleza ukweli kwamba nguvu zake zinatosha kumsomesha mmoja tu. Hakumwambia nani. Alimwachia yeye aseme. Msichana yule alifikiri kidogo, kisha akajibu: "Asome yeye. Mimi nitasoma vitabu vyake." Na kweli alivisoma. Kila jioni mdogo wake alipomaliza kazi zake za shule, dada alivivuta vitabu upande wake wa meza akaanza ukurasa wa kwanza. Alisoma jiografia yote ya sekondari bila kuvaa sare ya sekondari hata siku moja.

Mwaka 1968 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kwenye chumba cha kujalidi vitabu. Kilikuwa chumba kirefu chenye meza moja ndefu, wanawake wameketi pande zote mbili na sindano zao, na kwenye kona jiko dogo lililopasha moto masufuria ya gundi. Harufu ile haikutoka nguoni kwa sabuni ya aina yoyote. Ndipo lilipotokea jina lake, na halikumuudhi. Alisema kuna wanaonukia marashi na hawajashikamanisha kitu chochote maishani.

Kiwandani pale karatasi nyingi ziliharibika. Nyingine zilichapwa kichwa chini, nyingine wino ulikauka katikati ya sentensi, zote zikingoja kuondolewa kama takataka. Mama Gundi aliona kwamba miongoni mwazo mlikuwa na kurasa nzima za hadithi za watoto. Akamwomba msimamizi ruhusa ya kuzichukua. Msimamizi alimjibu achukue, mradi zisirudi kwake. Basi baada ya saa za kazi akawa anazichambua, anazipanga, anazishona na kuzitia majalada ya maboksi. Kitabu chake cha kwanza kilikuwa na ukurasa wa kumi na mbili mara mbili, na mwisho wake haukuwepo kabisa. Watoto wa mtaani walikipenda kuliko vyote. Waligombana wiki nzima kuhusu namna hadithi ile ilivyoisha, na kila mmoja alikuwa na mwisho wake mwenyewe.

Ndoa yake pia ilianzia pale kiwandani. Mume wake alikuwa fundi mitambo, kijana mpole asiyejua kuongea na wasichana. Ila mwaka ule mashine ya kukatia karatasi, iliyokuwa karibu na kiti cha Mama Gundi, ilianza kuharibika mara kwa mara kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana. Kila ikiharibika, fundi alikuja na kisanduku chake, akakaa chini ya mashine hiyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hatimaye Mama Gundi aliinama, akamwambia kwa sauti ya chini: "Ukiendelea kuiharibu tutafukuzwa wote wawili. Sema unachotaka." Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1974, na mashine ile, kwa ushahidi wa wafanyakazi wenzao, haikuharibika tena. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Vitabu vile vilipozidi nafasi ya sebuleni, msusi wa mtaa ndiye aliyepata wazo. Wasichana waliokuja kusukwa walikaa saa nzima wakisinzia au kulia. Akaomba apewe vitabu vichache. Mtoto anayesukwa akawa anawasomea wanaosubiri. Fundi viatu naye akataka vyake, halafu fundi baiskeli, halafu mama wa duka la sabuni. Fundi seremala aliwatengenezea kila mmoja sanduku lisilo na kufuli. Sheria ilikuwa moja tu, kwamba kitabu kikichanika kirudi kwa Mama Gundi. Fundi viatu hakujua kusoma, na hakutaka ijulikane. Kwa hiyo kila mtoto alipomaliza ukurasa, alimwambia hajasikia vizuri kwa sababu ya nyundo, arudie. Hivyo ndivyo watoto wengi wa mtaa wetu walivyojifunza kusoma vizuri, kwa kurudia. Hakuna aliyeliita jambo hili mradi. Liliendelea hivyo miaka zaidi ya thelathini, hata baada ya Mama Gundi kustaafu mwaka 2004.

Mdogo wake wakati huo alikuwa amesoma, amepata kazi ya heshima, na amechaguliwa kuwa katibu wa kanisa. Watu wote walimwita Katibu, na dada yake pia alimwita hivyo, kwa fahari isiyofichika. Mwaka 2011 Katibu alikuja nyumbani kwa dada yake na habari njema. Alisema kanisa limeona kazi ya vitabu na linataka kuiunga mkono. Wafadhili wamepatikana, chumba kimetengwa, na vitabu vipya vinakuja. Kilichotakiwa ni masanduku yote yakusanywe kanisani kwa muda mfupi, yasafishwe na kupangwa upya, kisha yarudi kwa wenyewe yakiwa yamejaa. Mama Gundi alifurahi kama bibi harusi. Alizunguka mwenyewe kwa msusi, kwa fundi viatu, kwa kila mmoja, akiwaomba watoe masanduku na kuwaahidi kwamba yatarudi. Mama wa duka la sabuni alisita. Mama Gundi alimwambia asiwe na wasiwasi, kwani anayeyachukua ni mdogo wake.

Siku ya uzinduzi kanisa lilijaa. Mama Gundi alisimama na kwaya, sauti ya pili, mahali pake pa siku zote. Msusi na mafundi walisimama nje karibu na dirisha, kwa kuwa viti vilikuwa vya wageni. Katibu alipanda mbele akasoma taarifa. Alieleza kwamba watoto wa eneo hili waliishi bila vitabu kwa miaka mingi, hadi kamati ya kanisa ilipoiona hali yao na kuwahurumia. Aliishukuru kamati, akawashukuru wafadhili, akamshukuru hata aliyepaka chumba rangi. Masanduku hayakutajwa, wala msusi, wala dada yake. Kisha kwaya ikaalikwa kuimba. Waliosimama jirani naye wanasema Mama Gundi alifungua kinywa, lakini sauti haikutoka. Wimbo mzima ulipita amekishika kitabu cha nyimbo mikononi, macho yake yako kwa mtoto aliyemlea.

Hata hivyo alivumilia. Usiku ule alimwambia mumewe kwamba sifa si chakula, mradi watoto wapate vitabu. Lakini wiki zilipita na masanduku hayakurudi. Chumba kipya kilikuwa na makabati ya vioo, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa Katibu. Kilifunguliwa Jumapili baada ya ibada, na mtoto alitakiwa kwanza kuonyesha viganja. Watoto walikwenda mara ya kwanza, wakaenda mara ya pili, halafu wakaacha.

Kisha ikaja siku ya sabuni. Mama Gundi alikuwa sokoni, mbali na mtaa wake, akanunua kipande cha sabuni ya kufulia. Muuzaji alikifunga kwenye karatasi. Alipofika nyumbani na kuifungua, aliona matundu ya sindano pembeni mwa karatasi ile, na alama ya gundi yake mwenyewe. Ulikuwa ukurasa wa hadithi ya kobe aliyeazima saa ya ukutani, na pembeni mtoto mmoja alikuwa amemchorea kobe kofia. Alirudi sokoni kwa miguu ile ile. Muuzaji, bila kujua kosa lake, alimweleza kwamba amezinunua kwa kilo, mzigo mzima, kutoka kanisani.

Alimkuta Katibu ofisini. Akaiweka karatasi mezani.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

"Karatasi, Dada."

"Ni kitabu. Nimekishona mimi."

Katibu alifunga mlango. Alimweleza kwa upole kwamba vitabu vile vilikuwa vimechakaa, vingine havina mwanzo, vingine havina mwisho. Kamati iliona haifai wafadhili wavikute humo ndani pamoja na vipya. Wageni wangelionaje kanisa? Alimwomba aelewe. Kile chake kilikuwa kitu kidogo, na sasa kanisa limekikuza.

Mama Gundi alimjibu akiwa amesimama, kwani hakukaribishwa kiti. "Umemkuta mtoto anatembea. Ukambeba juu, ukawatangazia watu kwamba wewe ndiye uliyemfundisha kutembea. Na sasa hutaki miguu yake iguse chini."

Akaichukua karatasi yake, akaondoka. Njia nzima hakulia. Alilia alipofika kwa msusi, kwa sababu kule ndiko alikokuwa ametoa ahadi. Alisema kama angevunjiwa ahadi na adui, angejua pa kushika. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa mgongoni. Msusi hakumlaumu. Alimkalisha, akamfumua nywele, akaanza kumsuka upya bila kumwuliza kama anataka.

Kwaya aliiacha. Kanisa hakuliacha, na waliomshauri ahame aliwaambia kwamba Mungu hakuwa mjumbe wa kamati ile. Alikaa viti vya nyuma, karibu na mlango.

Jinsi kazi ilivyofufuka ni jambo la kuchekesha, na yeye mwenyewe alilicheka hadi mwisho. Wakati masanduku yanakusanywa, wako watoto ambao hawakuwa wamerudisha vitabu. Ndio wale wale watundu waliokuwa wakikemewa kila wiki, wanaokaa na kitabu hadi mama zao wanasahau kilitoka wapi. Vitabu vile vilikuwa bado chini ya vitanda na juu ya makabati. Mama wa duka la sabuni alipoweka boksi tupu kaunta, vilianza kurudi kimoja kimoja, vimekunjika, vimemwagikiwa chai, lakini vizima. Mama Gundi alisema maisha yake yote amewahubiria watoto warudishe vitabu kwa wakati, na Mungu akamwokoa kwa mikono ya wasiosikia. Akatoa sindano, akaanza tena, ingawa vidole vilikuwa vimeanza kukakamaa na kiwanda kilikuwa hakina tena karatasi za kumpa.

Mwaka 2014 kanisa lilipata mchungaji mpya, mama kijana. Siku moja alipeleka kiatu kwa fundi, akakuta watoto wanamsomea fundi huku nyundo inagonga. Akauliza, akaelekezwa kwa Mama Gundi. Alifika, akaketi kwenye kigoda, akamwuliza swali ambalo kanisa halikuwa limemwuliza miaka yote ile: "Mama, mnafanya nini tayari, na mmekwama wapi?"

Mama Gundi aliendelea kushona. Baadaye akasema, "Mchungaji, mara ya mwisho kanisa liliponisaidia, nilibaki na kipande cha sabuni."

Mchungaji hakuwa anajua. Alisikiliza habari yote, na hakumtetea mtu. Wiki iliyofuata alirudi peke yake na uzi, gundi na sindano mbili nene, bila mpiga picha. Akaomba afundishwe kushona. Alijichoma mara nyingi, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa kibaya kiasi kwamba Mama Gundi alikihifadhi ili amcheke nacho. Hapo ndipo alipoanza kumwamini, polepole, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu.

Kwenye baraza la kanisa mchungaji alipendekeza makabati yafunguliwe na vitabu viende kwenye masanduku ya mtaani. Katibu alipinga. Alisema vitapotea. Mchungaji alijibu kwamba vitabu visivyopotea ni vile ambavyo hakuna anayevisoma. Mabishano yalichukua miezi, lakini mwishowe makabati yalifunguliwa. Akina mama wa kanisa walianza kukutana kila Alhamisi kushona vilivyochanika. Makanisa mengine mawili ya jirani yalisikia, yakauliza yanaweza kuleta nini. Mama Gundi aliwapa sharti lile lile, kwamba anayetaka kusaidia aanze kwa kushika sindano. Moja lilitoa chumba kikavu cha kuhifadhia masanduku wakati wa mvua. Jingine lilileta vijana wake, na kitambaa kigumu cha majalada. Hakuna kanisa lililogonga muhuri wake kwenye kitabu chochote. Hadi leo ukienda kwa msusi utalikuta sanduku, na mtoto anasoma huku anavutwa nywele.

Hayo yote ni kweli, na familia inayashukuru makanisa hayo kwa moyo wote. Lakini marehemu alitaka na hili lisemwe. Taarifa ile ya siku ya uzinduzi haijawahi kusahihishwa. Hakuna aliyesimama mbele ya kanisa na kusema kazi ile ilianzishwa na nani. Inasemwa leo kwa mara ya kwanza, na mwenyewe hasikii.

Maradhi yake yalianza mwaka 2022 kwa vidole, ambavyo hatimaye vilikataa sindano kabisa. Kisha ukafuata moyo. Alilazwa mara kadhaa. Msusi alikwenda wodini kumsuka, na wauguzi walijifanya hawaoni. Katibu pia alikwenda kumwona, tena si haba. Alileta matunda, akayamenya mwenyewe, akazungumza kuhusu mvua na kuhusu paa la kanisa. Siku moja Mama Gundi alimkatiza. Akamwuliza, "Mdogo wangu, siku ile ulinisahau, au ulinificha?"

Katibu alikiangalia kisu mkononi mwake. "Pumzika, Dada," alisema. Akaendelea kumenya.

Alipoondoka, Mama Gundi alimwambia binti yake mkubwa kwamba alikuwa anangoja neno lolote, hata la uongo lingetosha. Akasema amekwisha kumsamehe, wala wasimwonee mtu huyo ubaya kwa ajili yake. "Lakini msamaha si kifutio," alisema. "Msije mkasimama kaburini kwangu mkasema hayakutokea."

Mama Gundi alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Mumewe alikuwa ameshika mkono wake. Alikuwa ameomba dirisha lifunguliwe ili asikie watoto wakipita kwenda shule.

Ameacha mume, fundi mitambo mstaafu. Ameacha watoto watatu, binti muuguzi, mwana dereva wa lori na binti mwalimu. Ameacha wakwe, wajukuu, na kitukuu mmoja aliyezaliwa mwezi uliopita. Ameacha msusi na fundi viatu, ambao familia inawahesabu kuwa ndugu.

Na ameacha mdogo wake wa pekee, Katibu. Wasifu huu alisomewa nyumbani kabla haujapelekwa kuchapwa. Aliusikiliza wote. Akaomba sehemu inayohusu kanisa iondolewe, kwa maelezo kwamba msibani si mahali pake. Familia haikuiondoa. Kisha akauliza kama bado anatakiwa kuja. Alijibiwa kwamba kiti chake kiko mstari wa mbele, kabla ya viti vya watoto wa marehemu. Dada yake ndiye aliyekipanga. Alisema, "Mkalisheni karibu nami. Yule ndiye mtoto wangu wa kwanza."

Mungu ampokee Mama Gundi, na usingizi wake uwe mtulivu.